Kozi ya Kiingereza ya jioni, komini ya Kenya: 13 juu ya 20

Niweke jambo moja sawa kabla ya yote. Kenya ninayoisema hapa si ile ya Nairobi. Ni komini yetu ya Kenya, yaani mtaa wa mji, hapa hapa Lubumbashi, Kongo, ile ya soko na makelele. Nimesoma Kiingereza Kenya miezi mitatu, na kila nilipomwambia mtu hivyo kwa simu aliniuliza nauli ya ndege ni kiasi gani.

Jina la shule silitaji. Nina mawili matatu ya kulalamikia, na vijana wanaoiendesha bado wanahangaika na kodi ya nyumba; sitaki kuwaharibia. Ni vyumba viwili nyuma ya famasi, bati juu, viti vya plastiki vya kila rangi, ubao mmoja mweusi uliopasuka katikati kiasi kwamba kila sentensi ndefu inavuka ufa. Masomo ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa moja na nusu. Unalipa dola 20 kwa mwezi, dola 5 za kujiandikisha, na falanga 15,000 za kitabu cha fotokopi. Jenereta hawakuitaja siku ya kujiandikisha. Umeme ukikatika, mnachanga falanga 500 kila mtu ya petroli, na asiyechanga anaangaliwa kama aliyekuja kwenye kilio na kula tu.

Mimi nauza bunga, yaani unga. Nina depo Katuba, na mwaka wa 11 sasa navuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia kuchukua mzigo Chingola, Kitwe, mara nyingine mpaka Ndola. Sasa utaniuliza: mama, umeishi miaka yote hiyo bila Kiingereza, kimekuwasha nini? Ni swali la haki. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mubemba wa upande wa Luapula, kwa hiyo kule Zambia nasalimia kwa Kibemba, nakata bei kwa Kibemba, nagombana na kupatana kwa Kibemba, na hakuna anayenijua kama nimetoka ng'ambo mpaka nitoe pesa zangu.

Tatizo ni karatasi. Karatasi ya Zambia haisemi Kibemba. Redio yao inasema Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, lakini chochote chenye muhuri, fakitire (ankara), risiti ya ghala, mkataba wa lori, hati ya forodha, ni Kiingereza kitupu. Mwaka juzi nilitia saini karatasi ya ghala fulani kule Kitwe. Kijana wa kaunta alinieleza vizuri, kwa adabu zote: mama, hii ni kuonyesha tu kwamba mzigo ni wako. Nikasaini. Lori langu likakwama mpakani siku tisa. Niliporudi na lori, nikaambiwa kuanzia siku ya nne kila gunia linalipiwa senti 20 kwa siku, na gunia zilikuwa 200. Fanyeni hesabu wenyewe. Ilitoka dola 240. Mstari ulikuwepo pale chini, kwa herufi ndogo kama mbegu za mchicha. Na kijana hakunidanganya. Mzigo ulikuwa wangu kweli.

Basi nikaenda Kenya.

Tulianza watu 17 tukamaliza 9. Kulikuwa na fundi wa kuchomelea anayefanya kazi kwenye kampuni ya mgodi, mchungaji anayetaka kuhubiri Lusaka, deklara mmoja wa Kasumbalesa, wakala wa kupitisha mizigo forodhani, ambaye alijua Kiingereza cha forodha tu na hakuweza kuuliza choo kiko wapi, msichana wa chuo kikuu, na Mzee mmoja mstaafu wa karibu miaka 80 ambaye hatukuelewa anataka Kiingereza cha nini. Alisema wajukuu zake wako Johannesburg na wanamkatia simu.

Kwanza yaliyo mema, na ni mengi. Mwalimu wetu, ambaye sote tunamwita Prof, alisomea Ndola na anajua mwanafunzi wa Lubumbashi anateleza wapi. Anajua Kifaransa kimetufundisha kumeza herufi h, akatupigisha makelele ya kupumua kama wagonjwa wa pumu wiki nzima. Sauti ya th, ile ya thelathini, sisi tunaikwepa maisha yote kwa kusema makumi tatu. Akatukatalia njia ya kukwepa. Na jambo lililonifanya nisijutie dola zangu: hafundishi kwa maua na vipepeo. Analeta makaratasi ya kweli, fakitire za zamani, tiketi za basi, maelezo ya dawa, barua ya benki. Anafunika jina la mwenyewe kwa kalamu nyeusi kisha anatuuliza: hapa nani anamlipa nani, lini, na akichelewa? Wiki ya nne nilikuwa naweza kutafuta kwenye ukurasa lile neno la "isipokuwa". Ukijua neno hilo katika lugha ya karatasi umejua nusu ya karatasi.

Upande huo nampa 17 juu ya 20 bila ubishi. Kilichomshusha ni kitabu.

Kitabu ni fotokopi ya fotokopi, hakina jalada wala jina la aliyekichapa. Sura ya tano, mwezi wa pili, ni somo la kusoma na kuelewa, ukurasa mmoja na nusu unaoeleza kwa nini Uingereza ilikuwa na himaya. Juu kuna picha ya Malkia Victoria, ila wino ulikuwa umeshamgandia usoni vizazi na vizazi vya fotokopi mpaka akawa mweusi kuliko mimi. Maelezo yanasema Waingereza walikuja Afrika kukomesha biashara ya watumwa, kuleta Injili, kufungua biashara halali, kujenga reli na kufundisha utawala wa sheria. Chini yake kuna maswali kumi. Swali la nne: taja faida tatu za utawala wa Kiingereza. Nilisoma yote kumi mara mbili nikitafuta swali la hasara. Halikuwemo.

Prof akasema tujadili, tena kwa Kiingereza. Fundi wa kuchomelea akainuka wa kwanza, akasema kile ambacho kila mtu wa Lubumbashi amekisema angalau mara moja maishani: heri Mwingereza kuliko Mbelgiji aliyetutawala. Angalieni Zambia, akasema. Barabara. Amani. Kama Mwingereza angechukua Katanga, mkoa wetu huu wa shaba, tungekuwa mbali. Sikumcheka. Mimi mwenyewe huyasema hayo kila nikitoka Ndola, shimo la kwanza linapogonga lori baada ya Kasumbalesa. Watu wakatikisa vichwa, wakaongeza sifa. Nami nilitaka kupinga kidogo, lakini nikagundua kitu cha ajabu: kwa Kiingereza chetu cha wiki ya sita tuliweza kusifu tu. Kulaumu kunahitaji sarufi zaidi. Kusifu unahitaji majina ya vitu: reli, shule, kanisa. Kulaumu unahitaji "ingawa", unahitaji "kwa ajili ya nani", unahitaji wakati uliopita uliokamilika, na huo ulikuwa sura ya nane.

Ndipo Mzee akaomba ruhusa ya kusema Kiswahili. Prof akaangalia saa, akamruhusu, na hiyo ndiyo jioni bora niliyoipata pale, ingawa hatukujifunza hata neno moja la Kiingereza.

"Bana bangu," akasema, "munalia eti Mwingereza hakufika. Mwingereza alifika."

Akaanza na Msiri. Wengi wetu tunamjua Msiri kwa jina na kwa Bunkeya, mji wake, huko wanakomkumbuka kila tarehe 20 Desemba. Mnyamwezi huyo alitoka upande wa Tabora, akaja kufanya biashara ya shaba na pembe za ndovu, akasimamisha ufalme. Mzee hakumpamba. Akasema wazi Msiri aliuza watu pia, kwa hiyo kitabu kisitufanye tudhani tunatetea malaika. Lakini Novemba 1890 akafika Bunkeya Mwingereza, Alfred Sharpe, mtu wa upande wa Cecil Rhodes, tajiri Mwingereza wa migodi ya kusini. Kampuni ya Rhodes, British South Africa Company, ilikuwa imepewa hati ya kifalme na huyo huyo Malkia wa fotokopi yetu mwaka mmoja nyuma, 1889, na ilikuwa inaitaka Katanga kwa sababu ya shaba. Sharpe alikuja na nini? Na karatasi. Kwa Kiingereza. Msiri hakujua kusoma, lakini wamisionari Waprotestanti walikuwa wameshakaa kwake, wa kwanza akiwa Mskoti Frederick Arnot aliyefika 1886, na Msiri alikuwa ameonywa asiweke alama kwenye karatasi asiyosomewa. Akataka asomewe yote. Aliposikia kilichomo, akakataa, na Sharpe akaondoka mikono mitupu.

Hapo mimi nilikuwa nimeshaacha kuandika. Nilikuwa nafikiria ghala la Kitwe.

Mwaka uliofuata Mfalme Leopold wa Ubelgiji akatuma msafara wake, na aliyeuongoza alikuwa William Stairs, mzaliwa wa Halifax kule Canada, ofisa wa jeshi la Kiingereza aliyeajiriwa na upande wa Leopold. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri akapigwa risasi. "Mumesikia?" Mzee akauliza. "Bendera ilikuwa ya Leopold. Kapteni alikuwa Mwingereza. Hayo ni mashindano ya wenye duka, hakuna aliyekuja kuwakomboa watumwa wa Msiri."

Msichana wa chuo kikuu alikuwa na simu mkononi muda wote. Nilidhani anachati, kumbe anatafuta. Akasema ni kweli Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa 1807, na 1833 bunge lao likapitisha sheria ya kufuta utumwa wenyewe katika makoloni yao mengi. Lakini fidia ililipwa, pauni milioni 20, na waliolipwa ni waliokuwa wakimiliki watu. Waliomilikiwa hawakupata hata senti. Deni lililochangia malipo hayo serikali ya Uingereza ilimaliza kulilipa 2015. Fundi akauliza, 2015 ya juzi? Ya juzi hiyo hiyo. Darasa likanyamaza, na jenereta ndiyo iliyokuwa ikisema peke yake.

Prof akaingia kidogo, kutetea kitabu au kutetea mshahara wake, sijui. Akasema hizo sababu hazikubuniwa na aliyeandika kitabu. Livingstone mwenyewe aliwahutubia watu wa Cambridge mwaka 1857 akawaambia anarudi Afrika kufungua njia ya biashara na Ukristo, na walioamini hivyo waliamini kweli kweli. Hilo nalikubali. Nimemjua mchungaji anayeamini kabisa anachosema huku shemeji yake akiuza mchanga wa kiwanja cha kanisa. Mtu anaweza kuwa mkweli na bado akawa mlango ambao wengine wanapitia.

Mzee akarudi kwenye reli, na hapa ndipo jambo lilipokuwa la kwetu kabisa. Rhodes aliikosa Katanga kwa karatasi, akasema, lakini rafiki yake Robert Williams, Mskoti, aliingia kwa mlango wa nyuma. Alianzisha kampuni ya Tanganyika Concessions mwaka 1899, akapata kutoka kwa Leopold haki ya kutafuta madini, na mwaka 1906 kampuni ya migodi ya shaba, Union Minière du Haut-Katanga, ilipozaliwa, kampuni yake ilikuwa mmoja wa wazazi. Reli ya kwanza kufika mji huu, mwaka 1910, haikutoka Kinshasa wala Matadi. Ilitoka kusini, Rodesia (Zambia na Zimbabwe za leo), mkono wa Waingereza. Makaa ya mawe ya kuyeyushia shaba yalipanda kutoka Wankie, na shaba ikashuka kwa njia ile ile. Siku za mwanzo mji ulikuwa unatumia pauni, na Wabelgiji walikuwa wanaogopa kuamka asubuhi wakute Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya siku hizo, imekuwa ya Kiingereza.

Na watu? Babu yake Mzee alitoka Luapula, upande wa Rodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kijiji kisicho mbali na kwao bibi yangu. Kampuni ya Rhodes ndiyo iliyokuwa serikali kule, na iliweka musonko, yaani kodi, kwa kila nyumba, ulipwe kwa pesa. Kijijini kulikuwa na mihogo na samaki. Pesa hakukuwa nayo. Pesa ilikuwa huku, migodini Katanga, na wakusanyaji wa watu wa Robert Williams & Company walikuwa wanapita vijijini na mikataba. Kwa hiyo hakuna aliyemfunga babu kamba. Alidaiwa tu kitu ambacho kilipatikana mahali pamoja. "Kitabu chenu kinaita hii biashara halali," Mzee akasema, akafungua ukurasa kwa kidole akauonyesha mstari, maana huo mstari aliuelewa vizuri kuliko sisi.

Nimekaa nikifikiri tangu siku hiyo kuhusu "heri Mwingereza". Tunasema kana kwamba alipotea njia akaikosa Katanga. Hakuikosa. Alikuwa hapa hapa, ila alikaa upande wa wenye hisa, na kukaa upande wa wenye hisa ni raha, kwa sababu viboko, magereza na hospitali zisizo na dawa vinaandikwa kwa jina la Mbelgiji. Hata 1960, Katanga ilipojitenga na Kongo, Tanganyika Concessions bado ilikuwa na hisa zake na viti vyake kwenye baraza la Union Minière, na Union Minière ilikuwa inamlipa kodi Tshombe, rais wa Katanga hiyo, badala ya serikali ya Léopoldville, Kinshasa ya leo. Huko Salisbury, Harare ya leo, Roy Welensky, waziri mkuu wa shirikisho la Rodesia na Nyasaland, alikuwa upande wa Tshombe waziwazi. Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa Septemba 1961 ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, kwenye ardhi iliyokuwa bado ya Waingereza, akienda kuonana na Tshombe. Mzee alikuwa kijana wa miaka 15 hivi. Anachokumbuka yeye ni wanajeshi wa Umoja wa Mataifa kutoka India mitaani hapa. Alisema siasa hakuielewa, aliziangalia buti zao.

Na kuhusu ng'ambo, tunakotamani: British South Africa Company iliendelea kupokea mrabaha wa shaba ya Rodesia ya Kaskazini mpaka mkesha wa uhuru, Oktoba 1964. Miaka yote hiyo chini ya utawala wa sheria, na siku Zambia inapata uhuru ilikuwa na wananchi karibu 100 tu wenye digrii. Sisi 1960 hatukufika 30. Ukitaka kusema heri kwa sababu ya 70 hao, sema. Lakini amani ya Zambia, ile tunayoisifu tukiwa kwenye foleni ya Kasumbalesa, naona tunampa Mwingereza kitu walichokijenga Wazambia wenyewe baada ya yeye kufunga masanduku yake. Nilimwambia fundi hivyo nje, tukinunua mikate. Akaniambia, "Mama Bunga, lakini barabara." Nikamjibu na barabara pia, angalia tarehe zake. Hatukuelewana, akanilipia mkate.

Kuna sentensi moja ya kitabu, ile ya utawala wa sheria, ambayo deklara aliikata kwa mfano wa Kenya. Fundi akadhani anasema komini, tukapoteza dakika tano kwa kicheko. Alikuwa anasema Kenya yenyewe, miaka ya Mau Mau, hali ya hatari iliyotangazwa 1952, kambi za kizuizini, mateso. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 pauni milioni 19.9 na waziri wao wa mambo ya nje akasimama bungeni akasema wanasikitika. Sheria ilikuja kweli, deklara akasema, ila ilichelewa miaka 50 na zaidi na wengi walikuwa wameshakufa. Yeye kazi yake ni kuhesabu ucheleweshaji, anajua.

Sasa nirudi kwenye kozi, maana nimeandika kama nauza historia.

Mwezi wa tatu Prof hakuonekana wiki mbili. Tuliambiwa ana msiba, tukampa pole, lakini vipindi sita vilivyopotea havikufidiwa wala pesa haikupunguzwa, na kijana wa ofisi alipoulizwa alijibu kana kwamba sisi ndio tuliofiwa vibaya. Cheti kinalipiwa dola 10 za ziada, na bila hizo unapata matokeo kwenye karatasi ya daftari. Choo ni kile kile cha famasi, na famasi inafunga saa kumi na mbili. Wanawake wenzangu, mnaelewa.

Mtihani wa mwisho ulichukua maswali kutoka kwenye kitabu, na swali la nne likaja kama lilivyo: taja faida tatu. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Nikaandika reli, shule, kisha kwenye nafasi ya tatu nikaandika kwa Kiingereza changu cha kuungaunga swali: faida ya nani? Nilikuwa nimefika sura ya nane, wakati uliopita ninao. Prof akanipa alama mbili na nusu. Nilimfuata kuuliza hiyo nusu ni ya nini. Akasema sarufi ilikuwa sahihi, lakini maelekezo hayakusema kuuliza. Nikamwambia abadilishe kitabu. Akasema kitabu hiki ndicho kinachotumika na shule tatu jirani, na kipya ni dola 35 nakala moja, nani atalipa? Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe nililalamikia falanga 15,000.

Kwa hiyo ukitaka kujiandikisha: jiandikishe, ukiwa na kazi ya karatasi. Mfanyabiashara, deklara, dereva wa masafa marefu, utapata zaidi ya ulicholipa. Ukitaka Kiingereza cha kuongea na wajukuu, Mzee anasema bado wanamkatia simu, ila sasa anaelewa wanachosema kabla ya kukata. Chukua tochi. Uliza mapema kuhusu jenereta na cheti. Sura ya tano isome, usiiruke, ila hakikisha una mtu wa zaidi ya miaka 70 darasani.

Mwezi uliopita nilirudi Kitwe, ghala lile lile, kaunta ile ile, kijana yule yule ameota ndevu kidogo. Akanisukumia karatasi na kalamu juu yake. Nikaomba kiti. Nikavaa miwani, nikaanza kusoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na nyuma yangu foleni ikaanza kuguna kwa Kibemba. Ilinichukua karibu dakika ishirini. Mstari ulikuwa pale pale: kuanzia siku ya nne. Nikamuuliza kwa Kiingereza, lori likikwama mpakani bila kosa langu, inakuwaje? Akanijibu kwa Kibemba, kwa upole, kwamba mama, ndivyo inavyokuwa siku zote, weka saini tu. Nikamrudishia kalamu yake, nikavuka barabara kwenye ghala la pili, nikasoma na ya kwao. Wao wanaanza kuhesabu siku ya sita.

Gunia zilikuwa 300. Lori lilikwama siku nne.